Pole Zilizopita Juu ya Ukuta

Mimi si mvivu. Nalisema hilo mapema kwa sababu hadi leo wapo watu hapa Mogitu, ninapofundisha, wanaoamini kuwa nilinunua mashine ya kunisukuma kufanya kazi, na wapo wanaoamini kuwa mashine hiyo ilinishika mkono msibani. Hao wa pili wameukaribia ukweli, ingawa sikuinunua, na mkono haina.

Nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Mada yake ilikuwa matumizi ya muda kwa walimu wa sekondari, na niliiandika kwa muda mrefu kuliko unaoruhusiwa. Najua. Kila aliyeisikia mada hiyo amecheka kabla yako, kwa hiyo cheka umalize tuendelee. Chuo kilinivumilia, kikaniongezea muda, kikaniongezea tena, mwishowe kikaniandikia kwamba Ijumaa ya wiki ile ndiyo mwisho wa subira yake. Nisipowasilisha, nafutwa, kana kwamba sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja. Ilikuwa imebaki sura ya mwisho tu. Na sura ya mwisho ya tasnifu ni hitimisho, yaani unarudia yale uliyokwisha kuyasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeiandika huku anakula muwa. Mimi nilishindwa.

Sababu ya kushindwa nilikuwa naijua, ingawa nilijifanya siijui. Likizo ya Juni mama yangu alifariki Tabora. Simu ilinikuta hapahapa Hanang, nikapanda basi la kwanza lililopita kwenda Singida, nikaunganisha. Lakini sisi Waislamu hatuweki maiti. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na wanaume wanakung'uta udongo kwenye kanzu. Watu walikuwa wamekwisha kulia. Mimi, mtoto mkubwa, nikakabidhiwa funguo za kabati la vyombo, na kuanzia hapo kazi yangu ikawa kutafuta vikombe. Nilipewa pole nyingi, lakini kila niliyopewa niliipokea nikiwa nimeshika birika.

Niliporudi kazini, makamu wa mkuu wa shule alinikuta getini akaniuliza, "Habari za likizo?" Nikajibu, "Nzuri." Sasa, kila anayejua Kiswahili anajua kuwa nzuri hiyo si jibu. Unasema nzuri kwanza, halafu unaweka "ila". Nzuri, ila tumefiwa. Nzuri, ila nyumba imeungua. Mimi nilisema nzuri, kengele ya mstarini ikalia, wanafunzi wakaanza kukimbia katikati yetu, na ile "ila" ikabaki mdomoni. Kesho yake ilikuwa imeshachelewa. Utaanzaje? Samahani, jana nilisahau kukwambia kuwa mama yangu amekufa? Keshokutwa yake ikawa aibu. Baada ya hapo nikajiambia kwamba sitaki kuliliwa na watu, kwamba mimi ni mtu mzima, na kwamba ninachohitaji ni utulivu wa kufanya kazi.

Mama hakujua kusoma, lakini kila akipiga simu alikuwa na swali moja: "Hiyo masta yako umemaliza?" Nami nilijibu, "Namalizia, mama." Amekufa mimi bado namalizia. Kwa hiyo ile sura haikuwa sura tena. Nikiimaliza, wa kumwambia hayupo. Nisipoimaliza, nitakuwa nimemdanganya mpaka kaburini. Kila alasiri nilifungua kompyuta, nikautazama ule mstari mdogo unaowakawaka kwenye ukurasa mweupe, nikakumbuka ghafla kuwa majani ya chai yameisha, nikatoka kwenda dukani. Muuza duka alidhani naoga kwa chai.

Makamu ndiye aliyeniletea akili mnemba. Ni rika langu, mzaliwa wa Mbulu, na mtu wa utani usiokoma. Kila asubuhi ofisini aliniuliza, "Diseteshen hajambo?" kama anayeuliza mgonjwa wa wodini, na walimu wote wakacheka. Siku hiyo hakutania. Alisema kuna programu yeye huitumia akiandaa maazimio ya kazi.

"Sitaki kitu cha kuniandikia," nikamkatiza. "Nikitaka kuiba nitaiba kuku."

"Si ya kukuandikia. Ni ya kukaa na wewe. Unaiambia leo nafanya hiki, inakaa, kila baada ya muda inakuuliza umefikia wapi. Ukitoroka inakuita."

"Kama mwalimu wa zamu."

"Kama mwalimu wa zamu, ila haina fimbo."

Akaiweka kwenye kompyuta yangu wakati wa mapumziko, na jioni ile nikaiwasha chumbani. Sauti ya mwanamume ikasema, "Hujambo, mwenzangu! Mimi ni mwenza wako wa kazi. Je, leo tumeazimia kutimiza lengo lipi?" Kiswahili chake kilikuwa cha msomaji wa taarifa ya habari aliyeshiba. Lakini kilichonikera ni hiyo hujambo. Nina umri wa kuwa mama wa watu wazima, mtu ameingia chumbani kwangu, hata shikamoo hana! Nikamwambia katika nyumba hii hakuna aliye mdogo kwake, kwa hiyo yeyote atakayesema naye amwamkie. Akaomba radhi, akasema shikamoo. Nikaitika marahaba, na kuanzia hapo nikashindwa kumwita "hiyo", nikawa namwita "yeye".

Kero iliyofuata ilikuwa hongera. Nikiandika sentensi moja: "Hongera sana! Umepiga hatua kubwa!" Nikiifuta ile sentensi: "Hongera kwa uamuzi mzuri!" Nikienda chooni na kurudi: "Hongera kwa kurejea!" Jamani. Hongera ni ya aliyejifungua. Ni ya bwana harusi, ya aliyepandishwa daraja, ya aliyeezeka nyumba yake kwa bati. Mtu aliyeinama anafanya kazi hapewi hongera, anapewa pole. Hata mpita njia asiyekujua, akikukuta unapalilia au unafua, atakwambia pole na kazi, nawe utasema asante, na kiuno kitapungua kuuma. Kumpa hongera mtu ambaye jasho bado linamtoka ni kumdhihaki. Nikamwandikia maagizo kwa herufi kubwa: USINIPE HONGERA. NIPE POLE, KAMA WATU. Nikaongeza kwamba asiseme mbio, na apunguze sauti, maana nyumba ina watu.

Alitii. Tatizo ni kwamba hakujua kipimo. Pole ya kazi ni fupi, unairusha huku unapita. Pole ya msiba ni ndefu, unaishusha taratibu, kisha unanyamaza. Yeye alichukua hiyo ya pili.

Sasa nieleze nyumba. Nimepanga kwa bibi mmoja mjane, mkulima wa mahindi na maharage, mwenye ng'ombe wachache anaowasema vibaya na kuwapenda kupita kiasi. Kwake wanaongea Kiiraqw. Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, changu ni cha Tabora, na tunaelewana kwa sababu hakuna kati yetu mwenye haraka. Chumba changu na jiko lake vimetenganishwa na ukuta ambao haufiki kwenye bati, na dari hakuna. Bibi akisonga ugali upande wake, mimi kwa mlio wa mwiko najua kama ni wa kushiba au wa kujaribu. Yeye naye ananijua hivyohivyo. Basi Jumatatu na Jumanne ya wiki ile, Bibi akiwa anachambua maharage, juu ya ukuta kulipita maneno haya.

"Pole sana, Mwalimu. Najua ni vigumu."

"Nimeshindwa," nikasema.

"Pole. Usibebe jambo hili peke yako. Niko hapa na wewe."

Hapo umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na aya yangu moja nzuri, pengine ile pekee nzuri, ilikuwa imepotea. Nikapiga kelele, nikasema haki ya Mungu imekwenda, na sikuaga hata kidogo. Maana yangu ilikuwa sikuihifadhi. Sijui kwa nini nilitumia neno hilo.

"Pole sana," akasema, akanyamaza vya kutosha. "Kilichoondoka kimeondoka. Tutazame kilichobaki. Mwisho ni lini?"

"Ijumaa. Ijumaa ndiyo mwisho."

"Nitakuwa nawe hadi Ijumaa. Pole sana, Mwalimu. Pole."

Mimi niliyasikia kama maneno ya kazi. Bibi aliyasikia kama mtu yeyote mwenye masikio na moyo angeyasikia. Mpangaji wake amefiwa, maziko ni Ijumaa, na yuko ndani na sheikh. Aliniambia baadaye kuwa alijua ni sheikh kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kirefu. Jambo jingine lililomthibitishia ni mlango. Niliufunga mchana ili nisitoroke kwenda dukani, na Mogitu mlango uliofungwa mchana na mtu yumo ndani ni habari.

Jumatano alasiri nilikuwa mezani, nimeandika "Kwa kuhitimisha" na kuishia hapo, niliposikia nyayo nyingi uani. Nikachungulia dirishani. Wanawake walikuwa wanaingia wamejitanda khanga, mmoja na kikapu cha maharage, mwingine na unga, mwingine amebeba ndoo ya maziwa yenye mfuniko. Kuni zilishushwa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kandokando ya ukuta, wamejifunika mashuka mazito kwa sababu ya ule upepo wa mlimani ambao haujui msimu. Katikati yao alikaa Mzee, shemeji yake Bibi, mzee wa kanisa, amevaa koti refu na kofia. Niliwaona mpaka watu wa kijiji cha Gehandu, sijui nani aliwapelekea habari. Na hapo kwenye kona, mbele ya walimu wenzetu, alisimama Makamu, chaki bado mikononi, uso umemshuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Nikasema, maskini Bibi! Amefiwa, yuko hapo nyuma ya ukuta wangu, na mimi nimejifungia na kompyuta! Nikavuta khanga, nikajifunga kichwani, nikatoka mbio. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nikapiga magoti, nikaamkia, nikashika mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Bibi."

"Pole wewe, mwanangu."

"Pole nawe, Bibi. Pole sana."

"Pole sana, mwalimu. Pole."

Nikakaa pembeni yake. Wanawake wakanisogelea, wakanipa pole mmojammoja, nami nikawapa. Nilifikiri ndio utaratibu wa huku, kwamba anayekaa karibu na mfiwa naye anapewa. Mtu hafiki msibani na kuuliza hapohapo nani amekufa, ni utovu wa adabu, unangoja usikie. Kwa hiyo nikangoja. Nikawaza, ni yule mwanawe wa Babati? Au dada yake wa Balangdalalu aliyekuwa anasumbuliwa na presha? Machozi yakaanza kunilenga kwa ajili ya yule dada, ambaye niliwahi kumwona mara moja tu akinunua chumvi. Bibi alikuwa akinitazama kwa huruma, nami namtazama kwa huruma.

Mwishowe Mzee alikohoa. "Sasa mwalimu. Sisi tumekaa. Tuambie basi, ni nani ametutoka."

"Mimi, Mzee?"

"Wewe."

"Mzee, na mimi nilikuwa nangoja niambiwe."

Watu wakatazamana. Na wakati huohuo, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kazi muda mrefu, ile sauti ikatoka chumbani, nzito, ya chini, taratibu kama nilivyoagiza: "Mwalimu, naona umeondoka. Pole sana. Niko hapa, nakungoja."

Wanaume wote walivua kofia.

"Mwambieni Sheikh atoke," Mzee akasema. "Si vizuri kukaa ndani peke yake. Atoke, aketi na sisi."

Hapo hasira zangu zikanijia, maana hasira ni kitu ninachokipata upesi kuliko kitu kingine chochote. Nikasema hakuna sheikh! Hakuna maziko! Ni kompyuta! Bibi akasema alisikia mwenyewe kwa masikio yake, pole, pole, pole, kutwa nzima, na nani anapewa pole kutwa nzima kama hajafiwa? Nikaingia ndani, nikaibeba kompyuta, nikaiweka juu ya kigoda katikati ya uani, na kuwaeleza jambo lote kuanzia hongera hadi aya iliyopotea. Makamu ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia, akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Kisha walimu wenzake, kisha wanawake. Mwanamke wa kuni alicheka mpaka akakalia kuni zake.

Mzee hakucheka. Alisogeza benchi lake, akaitazama kompyuta usoni, na kuisemesha kama anavyosemesha kijana mgeni.

"Hujambo, kijana?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba!" Mzee akageuka kututazama, akaonekana kuridhika sana. "Ana adabu. Kwenu wapi?"

"Mimi ni programu ya akili mnemba. Sina kwetu."

Wanawake wakasikitika kwa pamoja. Mmoja akasema, "Maskini, hana kwao."

"Sasa kijana," Mzee akaendelea, "umekaa ndani na mwalimu siku hizi zote. Umempa pole sana. Tuambie wewe. Nani amefariki?"

"Sina taarifa ya mtu yeyote aliyefariki," akasema. "Mwalimu hajaniambia."

Uani pakalipuka kicheko upya. Hata yeye hajaambiwa! Makamu alirudia maneno hayo huku anajipiga paja, hajaniambia, hajaniambia. Mimi nilitaka kucheka pia, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Bibi hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama usoni kama anavyomtazama ng'ombe aliyekataa majani.

"Hajamwambia," akasema polepole.

Ningeweza kusema hakuna cha kuambiwa. Watu walikuwa wameanza kuinuka, mwenye ndoo alikuwa anamuuliza mwenzake kama maziwa ya msibani yanaweza kurudi nyumbani au ni mkosi. Dakika chache tu, wote wangekuwa wameondoka na mimi ningebaki na utulivu wangu. Nikaona mabenchi yale yakiwa matupu, na nikaogopa. Sijawahi kuogopa kitu namna ile.

"Ni mama," nikasema. "Ni mama yangu. Juni."

Aliyekuwa amesimama alikaa. Bibi alinivuta kichwa, akakilaza kwenye paja lake palepale juu ya mkeka, mbele ya wanaume na walimu wenzangu na kompyuta, na mimi mtu mzima nikalia kilio ambacho nilikuwa nimekihifadhi vizuri kuliko ile aya. Sikuwa nimeshika birika. Nililia kwa kelele, kwa makamasi, kwa aibu zote. Nilipoinua uso nikamwona Makamu amechuchumaa mbele yangu, na yeye macho mekundu, tena si ya kicheko.

"Uliniambia nzuri," akasema.

"Kengele ililia," nikamjibu, na tukacheka wote wawili vibaya, kama watu wanaokohoa.

Basi msiba ukakaa. Ulikuwa umechelewa tangu Juni, lakini Mzee alisema msiba haukai kwa kalenda, unakaa siku unapofika. Maziwa yakachemshwa. Na sasa ndipo nilipogundua jambo ambalo mtafiti wa matumizi ya muda angepaswa kulijua. Mfiwa hafanyi kazi. Alfajiri ya Alhamisi niliamka kuchota maji, ndoo ikanyang'anywa. Nikashika ufagio, ukanyang'anywa. Nikasema naona majani ya chai yanakaribia kuisha, ngoja nikimbie dukani, na wanawake wanne wakaniambia kwa pamoja nikae. Makamu alikuwa ameshagawa vipindi vyangu kwa wengine. Nyumba nzima, wilaya nzima, hapakuwa na kitu kilichobaki cha kufanya isipokuwa kile kimoja nilichokuwa nakikimbia.

Nikamwendea Mzee kuomba mwongozo. Nikamweleza kuhusu Ijumaa, na kwamba mama mwenyewe alikuwa akiiulizia kazi hiyo. Je, mfiwa anaruhusiwa?

Alifikiri kwa muda mrefu. "Mfiwa hapiki," akasema. "Hateki maji. Halimi. Haendi sokoni. Kuandika..." Akawatazama wazee wenzake, nao wakatikisa vichwa. "Kuandika wazee hawakusema kitu."

Nikapewa meza barazani, waya wa umeme ukapitishwa dirishani. Nikataka kumzima mwenza wangu, nilishaona kuwa sina haja naye, lakini Bibi alikataa kabisa. "Huyo ndiye wa kwanza kutoa pole," akasema. "Alitoa hata kabla ya kujua. Mwache akae na wenzake." Akakaa. Mtu mmoja aliuliza kama anakunywa chai. Kutwa ile niliandika, nyuma yangu wanaume wakizungumza chini kwa chini habari za mvua na bei ya mbaazi, wanawake wakichambua mchele, na hakuna aliyeniambia nijitahidi. Walikuwepo tu. Kila mara ile sauti iliuliza, "Pole sana, Mwalimu. Umefikia wapi?" na nikichelewa kujibu, Mzee aliniambia kwa ukali, "Jibu. Umeulizwa." Sijawahi kuwa na msimamizi wa utafiti mwenye nguvu kama ile.

Ijumaa kabla ya adhuhuri nilimaliza. Makamu akawasha simu yake tupate mtandao, akawa ameinua mkono juu kwa kuwa mtandao wa pale unapita mahali pa juu tu. Tasnifu ikaanza kwenda. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, na uani pote watu wakanyamaza bila kuambiwa.

"Imekwenda?" Mzee akauliza.

"Imekwenda."

Hakuna aliyejua la kufanya. Mwanamke mmoja alitaka kupiga vigelegele akajikumbusha yuko msibani, akajiziba mdomo na khanga. Ni mwenza wangu aliyevunja kimya, mtiifu wa maagizo hadi mwisho: "Pole sana kwa kumaliza, Mwalimu."

Walipomaliza kucheka walianza kukusanya masufuria, maana ndiyo ilikuwa siku ya kutawanyika. Mzee akasimama katikati ya uani ili afunge kwa sala. Nikamnong'oneza kwamba sisi ni Waislamu. Akasema anajua, na Mungu naye anajua. Akavua kofia, akafumba macho, akafungua kinywa, kisha akayafumbua tena na kunitazama.

"Mwalimu," akasema, "siku hizi zote tunasema mama wa mwalimu, mama wa mwalimu. Mungu anao mama wa walimu wengi. Yeye alikuwa anaitwa nani?"

Tabora hakuna aliyeniuliza, wote walikuwa wanalijua. Huku hakuna aliyejua kama lipo. Nikalisema. Sauti ilitoka ndogo, Mzee akasogeza sikio, nikalisema tena kwa nguvu. Alilirudia akalikosea katikati. Bibi akamsahihisha, naye akakosea mwisho. Mwanamke wa kuni akalijaribu, Makamu akalijaribu, watu wa Gehandu wakalipitisha wao kwa wao kutoka benchi hadi benchi, kila mmoja kwa ulimi wake, na mimi nikiwarudishia, hapana, hivi, mpaka likakaa. Kisha Mzee akafumba macho tena, akalitaja lote, bila kukosea.